Mume wangu anaamshwa na kichwa saa nane usiku, jicho moja linatoa machozi. Tumuone daktari gani?

MkeWaFundi
Wakuu habari zenu. Nimekuwa msomaji tu humu, leo yamenifika.

Mume wangu ana miaka 38, fundi wa kuchomelea hapa Iringa mjini. Huu ni mwaka wa nne, mwezi wa tatu ukiingia anapatwa na kichwa ambacho sijawahi kukiona kwa mtu mwingine. Analala saa nne vizuri kabisa. Saa saba na nusu, saa nane, anaruka kitandani kama amechomwa na kitu. Kinashika nyuma ya jicho la kulia, hilohilo kila siku, la kushoto halijawahi kuguswa. Jicho linakuwa jekundu, machozi yanatiririka, kope inalegea, tundu la pua la upande huo linaziba kisha linachuruzika. Hakai, halali. Anazunguka chumba, anatoka uani, anarudi, anagonga kichwa ukutani. Baada ya saa moja hivi kinakatika chenyewe na asubuhi anaenda kazini. Inakuwa hivyo wiki sita mpaka nane, halafu kimya hadi mwaka mwingine.

Mwaka wa kwanza tuliambiwa taifodi. Wa pili ikawa sainasi. Mwaka jana akang'olewa magego mawili ya juu, mazima, na kichwa kikabaki palepale. Majirani wanaosikia kishindo usiku wana jibu lao, mnalijua.

Kinachonichosha ni kwamba hospitali tunaenda mchana, na mchana yeye ni mzima. Anapimwa presha, anaandikiwa diklofenaki, tunarudi nyumbani. Juzi usiku alitamka neno la kujidhuru ambalo sitaki kulirudia. Naombeni ushauri.

Chumvi_ya_Mawe
Hicho ni kipandauso dada. Tangawizi na chumba chenye giza.

DerevaMstaafu
Kamwene dada. Mkuu hapo juu, kipandauso mgonjwa wake anataka alale kimya, hata sauti ya kijiko inamuudhi. Huyu anatembea na kugonga ukuta. Nilikuwa hivyo miaka kumi na moja, nikiendesha lori kwenda Tunduma, naamka kwenye kabini ya lori saa ileile kama nimetegewa kengele. Inaitwa maumivu ya kichwa ya klasta. Klasta maana yake yanakuja kwa mkupuo: wiki kadhaa kila siku, kisha yanapotea. Shambulio moja linaweza kuwa robo saa, linaweza kufika masaa matatu. Mimi nilipoteza jino moja tu, shemeji amenizidi.

Sasa sikiliza. Mpige video. Simu yoyote, usiku, akiwa katikati ya maumivu, uso uonekane vizuri: jicho, kope, pua. Na uwe na daftari: kimeanza saa ngapi, kimeisha saa ngapi, upande gani, alikula au kunywa nini. Mimi nilizunguka miaka yote hiyo nikieleza kwa mdomo, na mdomo wa mtu aliyelala vizuri hauaminiki. Daktari aliponiona kwenye simu ya mke wangu hakumaliza hata dakika moja.

Nesi_wa_Zamu
DerevaMstaafu kasema. Naongeza ya hospitali.

Unayemtafuta ni bingwa wa magonjwa ya mfumo wa fahamu, si bingwa wa upasuaji wa ubongo. Watu wengi wanachanganya, wanapanga foleni ya upasuaji kumbe hakuna cha kupasua. Hao mabingwa ni wachache, Muhimbili wapo. Lakini msikae kusubiri Dar wakati mkupuo unaendelea. Anzeni na bingwa wa magonjwa ya ndani hospitali ya rufaa ya mkoa. Akiona video na daftari anaweza kuanzisha tiba na kuandika rufaa. Ombeni pia aulize kuhusu picha ya MRI ya ubongo, mara moja, kuhakikisha hakuna kitu kingine kinachojifanya klasta.

Panadol na diklofenaki hazifui dafu hapa. Zikianza kufanya kazi, shambulio limeshakwisha lenyewe. Cha kukata shambulio ni oksijeni safi kwa barakoa yenye mfuko, lita 12 hadi 15 kwa dakika, dakika 15 au 20, au sindano ya sumatriptani (si kwa mwenye ugonjwa wa moyo). Cha kuzuia yasije ni verapamili. Ni dawa ya presha na moyo, kwa hiyo apimwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo) kabla na kila dozi inapopandishwa. Wakati verapamili inajijenga, daktari anaweza kumpa prednisoloni kwa siku chache.

Na lile neno la usiku mwambie daktari wazi, asifiche yeye wala wewe. Ugonjwa huu unajulikana kwa kuwafikisha watu hapo. Usiku asiachwe peke yake.

kijana_wa_gereji
Kama ni oksijeni si anayo karakana? Afungue mtungi avute, kwisha kazi.

Nesi_wa_Zamu
Hapana! Mtungi wa kuchomelea haujaandaliwa kwa mapafu ya mtu, na geji yake haikuambii lita ngapi zinatoka kwa dakika. Halafu grisi ya mikono ya fundi pamoja na oksijeni, na kama anavuta sigara... mtatuletea majeruhi wa moto.

MkeWaFundi
Anavuta, pakiti kwa siku. Na mtungi alishaufikiria, nimemwonyesha jibu lako amenyamaza.

DerevaMstaafu
Wengi wetu tunavuta. Kuacha hakukuniponya, sitakudanganya, ila niliacha.

MkeWaFundi (baada ya siku 12)
Wakuu, nimerudi. Nilipiga video usiku mbili. Ya kwanza alinikasirikia, ya pili akaniambia mwenyewe sogeza taa. Daktari wa magonjwa ya ndani aliitazama mara mbili, akamwita na mwenzake. ECG imefanyika, ameanza verapamili na prednisoloni, rufaa ya Muhimbili tunayo mkononi. Oksijeni wamesema kichwa kikianza tumpeleke dharura mapema, na barua ya maelezo wametuandikia ili tusianze kueleza upya getini saa nane usiku.

Siku nne hajaamka. Mimi ndiye naamka, saa nane kamili, namsikiliza anavyohema.

Swali moja. Jumamosi kuna harusi kwa kaka yake, na ulanzi ndio huu msimu wake. Anasema glasi moja tu.

DerevaMstaafu
Hata nusu asiguse. Pombe wakati wa mkupuo inawasha kichwa ndani ya saa moja, hapohapo harusini, mbele ya wakwe. Mkupuo ukiisha atakunywa. Mwambie kaka yake amwekee soda.