Mjadala: Mjusi wa Tendaguru arudi Lindi kwenye kipindi cha mwisho, au abaki Berlin?

Mwandishi wa Mikindani
Salaam ndugu zangu. Tuko wanne, tunaandika tamthilia ya sayansi ya kubuni ya kutazamwa na familia nzima, vipindi 8 vya dakika 25. Tausi na mdogo wake Hamisi wanalelewa na bibi yao hapa Mikindani. Wanakuta jahazi kuukuu limekwama kwenye matope. Maji ya bamvua yakijaa linaelea, ila haliendi baharini, linakwenda zama nyingine. Kipindi cha 4 linawafikisha Tendaguru, huku Lindi, mwaka 1910, Wajerumani wanachimba mifupa ya yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, ambaye leo amesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin. Cha 5 wanateleza hadi miaka milioni 150 nyuma, wanajificha chini ya mkorosho mjusi akipita. Cha 8 wako Berlin, wamesimama mbele yake.

Hapo tumegawanyika. Wawili wanataka watoto wamrudishe Lindi. Wawili, nami nikiwemo, tunataka abaki, watoto warudi na kitu kingine ambacho bado hatujakipata. Mnasemaje? Naweka na kipande cha kipindi cha 6 muone uandishi wetu.

NJE. KARIAKOO, MWAKA 2090. MCHANA.
Mmachinga anatua kutoka angani, injini ndogo mgongoni, betri za jua zinaning'inia mkononi.
MMACHINGA: Mbili kwa bei ya moja, mama! Mgambo wakitokea mimi niko mawinguni!

Mkazi wa Ligula
Arudi. Walimchimba tangu 1909 mpaka 1913, mifupa zaidi ya tani 200 ikapita bandari ya Lindi, 1937 wakamsimamisha, ana mita 13 na ushei kwenda juu. Mwanangu anamjua kwa picha ya kitabu. Kama hata kwenye hadithi ya kutunga tunaona haya kumdai, huko bungeni wanakoulizia kila mara tutamdai kwa mdomo gani?

Mwalimu wa Biolojia, Masasi
Mwandishi, kabla hujamrudisha au kumwacha, mtoe chini ya mkorosho. Mkorosho asili yake Brazil, Wareno ndio waliouleta pwani yetu. Miaka milioni 150 iliyopita hapakuwa na korosho, wala nyasi, wala ua la kuchuma. Tendaguru ilikuwa ukingo wa bahari, maji ya chumvi yanaingia na kutoka, na bara kuna misitu ya miti jamii ya misonobari. Wafiche huko. Mtoto akiona mkorosho ataamini, na mimi ndiye nitakayehangaika kumfundisha upya darasani.

Jambo la pili ndilo kubwa. Huyo anayesimama Berlin si mjusi mmoja. Wameunganisha mifupa ya wanyama kadhaa, na palipopungua wakajaza kwa kuchonga. Mkisema "arudi", mnamrudisha yupi?

Mzee wa Mchinga
Mimi nimesoma mpaka kwenye hiyo sini ya Kariakoo nikaishia hapo. Mmachinga ni mimi. Ni kabila, tuko hapa Lindi, tuna lugha yetu na makaburi ya wazee wetu. Miaka 2090 ifike bado mwanangu anakimbizwa na mgambo kwenye runinga? Hata angani?

Mwandishi wa Mikindani
Shikamoo mzee wangu. Hatukukusudia kabila. Ni neno la kawaida, kila mtu anasema machinga, hata Dar kuna jengo la soko limeitwa Machinga Complex.

Mzee wa Mchinga
Marahaba. Ndiyo hivyo, hata jengo wameliita. Walimwuliza nani?

Kijana wa Chikongola
Mzee samahani, neno hilo halihusu kabila. Nimesikia linatokana na Kiingereza, watu wanaotembea wakiuza, "marching". Vijana wa mjini ndio waliolitengeneza.

Mama wa Nachingwea
Wewe mtoto, usimfundishe mtu jina la baba yake. Vijana wa Lindi na Mtwara walikwenda Dar, wakabeba mali begani kwa sababu hawakuwa na mtaji wa fremu, wenye mji wakawaita kwa kabila. Hilo la Kiingereza limekuja nyuma, watu wakitafuta maelezo. Nina kaka zangu wawili wameuza mitumba Kariakoo na si Wamachinga, ni Wamwera, na waliitwa hivyo hivyo.

Kijana wa Chikongola
Basi kama na Wamwera waliitwa, unaona si kabila tena.

Mama wa Nachingwea
Ninachoona ni kwamba mtu wa kusini akishafika Dar haulizwi ametoka wapi.

Mpita Njia wa Newala
Machinga wapo hata Malawi, kuna wilaya nzima ya jina hilo, Wayao wale. Asili ni huko.

Mzee wa Mchinga
Asili yangu naijua mimi. Tusihamishwe nchi tukiwa tumekaa barazani kwetu.

Fundi Redio
Jamani, kijana ameuliza habari ya skripti. Nimetengeneza redio na runinga maisha yangu yote, naona watu wanavyoangalia. Hadithi ya namna hii Waingereza wanayo tangu Novemba 1963, Doctor Who, ilianza siku moja baada ya kuuawa Kennedy. Ilikusudiwa familia ikae pamoja Jumamosi jioni. Chombo chao kwa nje ni kibanda cha simu cha polisi, kitu ambacho mtu wa London alikuwa anakipita kila siku. Na wale wa mwanzo waliosafiri nacho wawili walikuwa walimu, mmoja wa sayansi, mmoja wa historia, ili mtoto ajifunze bila kujua anafundishwa. Jahazi lenu ni wazo la aina hiyo hiyo, kila nyumba ya Mikindani inalijua. Lishikeni. Msiende Kariakoo ya 2090, injini za mgongoni ni gharama, na pesa hiyo ingewatosha kupiga picha siku nyingi kwenye matope.

Mkazi wa Ligula
Kwa nini jahazi, kwa nini isiwe ungo? Chombo cha kuruka tunacho tangu enzi, babu zetu wametuhadithia. Bibi yao anakaa kwenye ungo, wanapaa. Hiyo ndiyo sayansi ya kubuni ya Kiafrika halisi.

Dada wa Shangani
Tafadhali, hapana. Nchi hii wanawake wazee wameuawa kwa kuwa macho yao mekundu na mtu akasema ni wachawi. Mekundu kwa moshi wa kuni! Mkimpandisha bibi kwenye ungo, mtoto atakayeangalia Jumamosi ataenda kumtazama bibi yake Jumapili kwa jicho jingine. Mpeni bibi kazi ya akili. Awe ndiye anayejua kuhesabu bamvua kwa kuangalia mwezi, maana bamvua inakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na bila yeye jahazi haliondoki. Hiyo ni sayansi, na wanawake wanaokwenda pwani maji yakitoka wanayo kichwani.

Kijana wa Chikongola
Narudi kwa Mama wa Nachingwea. Sikumtukana mtu. Mimi mwenyewe nimeuza miwani Posta miaka mitatu. Nikiitwa machinga nilijibu, nikalipa ada ya mdogo wangu. Neno hilo limenilisha, sioni aibu.

Mama wa Nachingwea
Hakuna aliyesema kuuza ni aibu, mwanangu. Mzee amekereka kwa kuwa jina la watu limefanywa jina la kazi, na kwenye hadithi ya watoto mmemkimbiza tena. Wewe umelipa ada. Mbona huyo wa 2090 hajapewa hata jina?

Mwandishi wa Mikindani
Hapo mama umenigusa. Kwenye skripti nzima ndiye pekee anayeongea bila jina.

Mwalimu wa Biolojia, Masasi
Swali langu la mjusi yupi halijajibiwa.

Mkazi wa Ligula
Mwalimu, wewe unataka tushindwe kabla hatujadai. Mjusi yupi! Wote. Mchanganyiko wao, tani zao, plasta yao waibakize.

Mwalimu wa Biolojia, Masasi
Sijasema tusidai. Nasema mwandishi aandike kitu cha kweli. Usinisemee.

Mpita Njia wa Newala
Na nani alibeba? Hapo ndipo pa kuandika. Mbung'o walikuwa wanaua punda na ng'ombe, kwa hiyo kila kipande kilishuka Lindi kichwani na begani kwa mtu, safari ya siku nne hivi kwa miguu. Maji Maji imeisha juzi tu, 1907, watu wametoka kwenye njaa. Halafu kulikuwa na msimamizi wa wachimbaji, Mtanganyika, Boheti. Wajerumani walimtegemea sana. Kuna mjusi mmoja amepewa jina lake.

Mwalimu wa Biolojia, Masasi
Boheti bin Amrani. Mjusi ni Australodocus bohetii, jina lilitolewa 2007. Asante, hilo nilikuwa nimelisahau kabisa.

Mzee wa Mchinga
Karibu miaka mia moja ndipo wakamkumbuka.

Dada wa Shangani
Na kwenye skripti yenu yumo?

Mwandishi wa Mikindani
Hayumo. Tumeweka Wajerumani wawili wenye majina na "WAPAGAZI" kwa herufi kubwa. Nimeona sasa kwamba kosa la Kariakoo tulishalifanya kipindi cha 4. Mkorosho nimeufuta. Kariakoo nimeitoa. Usiku huu nimeandika upya hii, wenzangu bado hawajaiona:

NJE. NJIA YA TENDAGURU KWENDA LINDI, 1910. ALASIRI.
Safu ya watu na mizigo. HAMISI anatembea kando ya mpagazi, SAIDI, kijana wa miaka 20.
HAMISI: Kaka, umebeba nini?
SAIDI: Mfupa.
HAMISI: Wa nani?
SAIDI: Nimewauliza. Wameandika kwenye daftari, hawakunisomea.
Anahamisha mzigo bega la pili.
HAMISI: Wewe wamekuandika?
SAIDI hajibu. Anaangalia mbele, mizigo inavyoteremka.

Kipindi cha 8, Berlin, Tausi anatafuta daftari. Mjusi arudi au asirudi bado sijui.

Mkazi wa Ligula
Sini nzuri. Lakini arudi.

Mzee wa Mchinga
Huyo Saidi ni mtu wa wapi?

Mwandishi wa Mikindani
Mzee wangu, nilikuwa nimemwacha bila kabila, nikiogopa kukosea tena.

Mzee wa Mchinga
Usiogope. Mtafutie kijiji. Nipigie kesho baada ya Alasiri nikutajie vilivyokuwepo njia ile, wazee walivitaja mbele yangu nikiwa mdogo. Na mtu aliyebeba mzigo siku nne hasemi maneno mengi hivyo. Punguza.