Mjadala: Seva za maghala ya korosho, kurasa kubwa zizimwe au ziachwe?

Hoja iliyopo: kabla ya minada ya Oktoba, seva za Linux zinazopokea uzito wa mizani kutoka maghala ya Mtwara na Lindi zizimiwe kurasa kubwa za kumbukumbu (THP), zile za MB 2 badala ya KB 4, au ziachwe zilivyo?

Masasi: Zizimwe. Chukua Redis, hifadhidata inayoweka data kwenye kumbukumbu, yenye GB 6 za data. Ikihifadhi diskini inazaa mchakato mtoto, na wote wawili wanatumia kurasa zilezile mpaka mmoja aandike. Hapo ndipo kerneli, kiini cha Linux, inanakili ukurasa ulioandikwa. GB 6 ni kurasa kubwa 3,072. Kila moja ikiandikwa mara moja tu, kwa vipande vya KB 4 zinanakiliwa MB 12. Kwa MB 2 zinanakiliwa GB 6 nzima! Seva ya GB 8 itaziweka wapi? Kerneli itaua mchakato, malori yabaki getini.

Mikindani: Hesabu ni sahihi kaka, ila ni ya kerneli za zamani. Tangu 5.8 ya mwaka 2020, ukurasa wa namna hiyo unapasuliwa kwanza, inanakiliwa KB 4 tu. Piga `uname -r` uone toleo lako. Ubuntu 20.04 ilitoka na 5.4, badiliko hilo halimo; 22.04 ina 5.15, limo. Tusizime kwa mazoea.

Nachingwea: Lakini khugepaged, kazi ya kerneli inayounganisha kurasa ndogo kuwa kubwa, inarudi kuunganisha, kwa kawaida kila sekunde 10. Angalia `max_ptes_none`, idadi ya vipande vitupu inavyoruhusiwa kujaza: ni 511. Maana yake hata kipande kimoja tu kati ya 512 kikiwa na data, ukurasa mzima wa MB 2 unaweza kutengwa. Kumbukumbu inavimba, na 5.8 haikuligusa hilo. Mimi naunga mkono `madvise`, programu inayotaka iombe yenyewe. Na iandikwe kwenye mstari wa kuwashia kerneli, `transparent_hugepage=madvise`; ukitumia `echo` peke yake, umeme ukikatika mpangilio umepotea.

Shangani: PostgreSQL, hifadhidata yetu nyingine, msiichanganye humu. `shared_buffers` yake ni kumbukumbu ya pamoja, mchakato ukizaa hainakiliwi. GB 2 zinataka `vm.nr_hugepages`, yaani kurasa kubwa zinazotengwa mapema, 1,024 na ziada kidogo. Ukitenga 3,000, zinazobaki programu za kawaida haziwezi kuzitumia. Weka `huge_pages=on`, kwa sababu `try` ikikosa inarudi kwenye KB 4 kimyakimya.

Masasi: Kwa PostgreSQL sawa. Redis 6.2 na kuendelea ina `disable-thp yes`, inajizimia yenyewe. Iliyo chini ya hapo, juu ya kerneli ya kabla ya 5.8, sibadili msimamo: `never`, zizimwe kabisa.