Mapendekezo ya kamati ya hesabu hayatekelezwi: naomba ushauri

Wakuu, naomba ushauri kuhusu hatua inayolegea kuliko zote katika bunge kuisimamia serikali: ufuatiliaji baada ya ripoti. Mwanzo unaeleweka. Mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali anawasilisha ripoti, kamati ya hesabu ya bunge inamhoji katibu mkuu wa wizara (siyo waziri, maana afisa masuuli, yaani anayewajibika kwa fedha za wizara, ni yeye), bunge linapitisha mapendekezo, serikali inajibu. Utaratibu huu una mizizi Uingereza, ambako kamati hiyo iliundwa mwaka 1861 na kwa desturi mwenyekiti hutoka upinzani.

Tatizo ni majibu ya aina ya "limepokelewa, linafanyiwa kazi". Pendekezo lisilotaja mhusika, tarehe ya mwisho na ushahidi unaotakiwa humwachia mtendaji mwanya, na bajeti ikishapitishwa kamati haina tena cha kushikilia.

Nafikiria rejista ya mapendekezo: hakuna linalofungwa bila nyaraka kuhakikiwa, na yaliyokwama yapelekwe kamati ya bajeti kabla ya mjadala wa makadirio. Kumwita waziri kila mara naona ni maigizo tu.

Wenye uzoefu, rejista itunzwe na sekretarieti ya kamati au ofisi ya mkaguzi? Na mkaguzi akihakiki utekelezaji wa mapendekezo yaliyotokana na ripoti yake mwenyewe, uhuru wake hautiliwi shaka?