Mrejesho: Maandishi ya vipepeo, kwa spishi au kwa mahali?

Wakuu, niliuliza nipange maandishi yangu ya vipepeo kwa spishi au kwa mahali. Nimemfuata aliyenitajia Charles Darwin, yule mwanasayansi wa viumbe: alikuwa na mafaili makubwa 30 hadi 40, kila moja na mada yake, akichomeka humo karatasi mojamoja. Basi daftari nimeachana nalo. Kila kielelezo (yaani kipepeo aliyekusanywa na kuhifadhiwa) sasa kina kadi yake: tarehe, mwinuko, mahali hasa, na nani alikikusanya (hili la mwisho wengi hulidharau). Kadi zinakaa kwa spishi. Mahali nimewekea faharasa tu. Kisha nikajaribu kuzipanga kadi kwa mwinuko, na madoa ya bawa yakaonekana yakipungua kadiri unavyopanda. Daftarini nisingeliona kamwe. Kunakili maandishi ya zamani ndiyo kazi iliyobaki, nayo inachosha.