Wakuu, naomba ushauri: kukodi boti ya kuvua samaki wakubwa, Mikindani, Mtwara

Mwana wa Shangani: Habari za usiku wakuu. Nataka kukodi boti kwenye hoteli moja huku Mikindani, siku nzima, tukarambaze nje ya ghuba, boti ikivuta chambo nyuma, tutafute jodari na nduaro. Tuko wanne. Wanataka 1,200,000, mafuta juu yao. Ni bei halali au napigwa? Usingizi sipati.

Korosho Ghafi: Hiyo hela nunua nguru pale feri ulishe mtaa mzima.

Nahodha Mstaafu: Bei baadaye. Mnakwenda lini?

Mwana wa Shangani: Katikati ya Julai.

Nahodha Mstaafu: Julai ni kusi, upepo mkali wa kusini, kijana. Ndani ya ghuba maji yametulia kama ya mtungi, ukitoka mlangoni tu unakutana na bahari yenyewe. Subiri maleleji, upepo ukitulia, Oktoba au Novemba.

Dada wa Ligula: Mimi mume wangu alinipeleka Msimbati kwa boti mwezi huohuo wa saba. Nilitapika kwenda na kurudi, na nguo mpya niliitupa. Vijana mnapenda kuonyesha uwezo msio nao. Hao wengine ni nani?

Mwana wa Shangani: Mchumba wangu, kaka yake na baba yao.

Nahodha Mstaafu: Mzee ana umri gani? Kuogelea anajua?

Mwana wa Shangani: Miaka 71, anatoka Newala. Kuogelea hajui. Ana presha, lakini dawa anameza vizuri. Kila nikienda kumsalimia anasema hataki kufa hajamvuta samaki mkubwa, na mahari bado hatujapangiwa. Tarehe siwezi kusogeza, ndiyo likizo ya shemeji. Nusu ya hela nimeshatuma kwenye namba ya kijana mmoja wa boti.

Sukari Kidogo: Chai hii. Mwaka jana nilisoma habari hiihii, ilikuwa Kilwa, na mzee wa presha alikuwemo. Mtu wa Newala na bahari wapi na wapi?

Korosho Ghafi: Acha dharau. Simama Shimo la Mungu, palepale Newala, uone bonde la Ruvuma lilivyo chini yako. Babu yangu alikuwa akishuka kule kuvua.

Nahodha Mstaafu: Iwe chai isiwe chai, yuko atakayesoma akiwa na mzee wake. Usitume nusu iliyobaki. Nenda hotelini, uliza mapokezi kama kijana huyo wanamjua. Boti ikague kwa macho yako: cheti cha TASAC (wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini), mashine ya akiba, jaketi okozi kwa kila kichwa. Mkielekea Msimbati mnaingia hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi, iko tangu 2000, ina vibali na ada zake. Mzee mkae naye ndani ya ghuba, alfajiri, na mshipi wa mkono. Changu atapata.

Mwana wa Shangani: Nimetoka huko sasa hivi. Kijana wanamjua. Jaketi nimehesabu, ziko tatu. Si chai, wakuu. Jioni nampigia mzee, na binti yake ananiambia kofia ya safari ameshanunua. Naanzaje?