Singapore wiki mbili, tupo watatu na mmoja anakula halali tu: hawker centre tunakulaje meza moja?

Kipanga wa Getini

Wakuu habari za leo. Mwezi ujao naenda Singapore wiki mbili kwa mafunzo ya mambo ya makontena, tupo watatu kutoka ofisini. Hoteli wanalipa wao pamoja na chai ya asubuhi ila mchana na usiku tunajitegemea na posho ni ya kuhesabu, sasa kila ninayemuuliza ananiambia usiingie migahawani nenda hawker centre, nikiuliza ndo nini naambiwa ni ukumbi mmoja mkubwa vibanda kibao, Mchina, Mhindi, Mmalay, Mthai wote humo humo unachagua mwenyewe.

Shida yangu iko hapa. Mwenzetu mmoja ni Muislamu na hana mchezo na chakula, kitu kikiwa na mashaka hagusi. Safari iliyopita, nchi nyingine, alikula mikate na ndizi siku sita na roho iliniuma sana kumuona anarudi chumbani mapema sisi tunaenda kula. Sitaki ijirudie. Nataka tukae meza moja wote watatu kila mtu ale chake na yeye ashibe kama sisi. Inawezekana au kule ni nguruwe mwanzo mwisho? Na bei zikoje, na taratibu zipi mgeni anajikuta amezikosea? Aliyeishi huko anisaidie, hata kwa kirefu nitasoma.

Binti Funguni

Kaka ondoa wasiwasi, mie nimesoma huko miaka mitatu na sikulala njaa hata siku moja. Singapore Wamalay wapo wengi ni Waislamu, na Wahindi Waislamu wapo, kwa hiyo karibu kila hawker centre utakuta vibanda vyao. Mwambie huyo ndugu aangalie kibandiko cha kijani kilichoandikwa halal, kinatolewa na MUIS, ndo baraza la Kiislamu la huko linalotambulika kisheria. Akikiona ale kwa raha zake. Sasa sikiliza hapa maana wengi ndo wanapoteleza, kuna vibanda vinaandika "no pork no lard", yaani hakuna nguruwe wala mafuta yake, hiyo SIYO halali, kuku mwenyewe hujui kachinjwa vipi. Na kuna kina mama wa Kimalay hawana kibandiko lakini ni Waislamu wenyewe na wapishi wote Waislamu, wengine wanakula hapo wengine hawali, hilo amuachie mwenyewe aamue, msimsukume.

Meza moja inawezekana, ndo uzuri wa zile sehemu. Meza ni za ukumbi mzima, si za kibanda, mnakaa popote kila mtu anafuata chake anarudi nacho. Utaona Mchina na tambi zake, Mmalay na wali wake, wanapiga stori. Ila mshike adabu moja kubwa: sahani na vijiko vya kibanda cha halali visiguse chakula kingine, msionjane kwa kijiko kimoja, na mkimaliza sehemu ya kurudishia trei ina pande mbili, halali kwake na isiyo halali kwake, imeandikwa kabisa. Mkichanganya mnawakosea watu wengi sana, hao wanaosafisha hapo ni wazee, inaleta uchungu. Kwenye vile viukumbi vya ndani ya maduka makubwa kama chote ni halali wanabandika tangazo usiingize chakula cha nje, basi hapo wote mle cha hapo.

Mie ningewaanzishia Tekka Centre, unashuka stesheni ya Little India unatoka tu uko hapo. Chini sokoni wanauza samaki na nyama na mboga, na upande mwingine ndo misosi, juu nguo. Kuna safu za biriani, za Waislamu, na vibanda vya Kichina pia vipo, kwa hiyo nyie wawili hamkosi. Aagize murtabak. Jamaa anachukua donge la unga anaupiga na kuuzungusha hewani mpaka unakuwa mwembamba unaona vidole vyake kwa ndani, anautandaza kwenye chuma, katikati anaweka nyama ya kusaga na yai na kitunguu, anakunja pembe nne. Mtu wa Forodhani akiona hivyo moja kwa moja anasema hii si zanzibar pizza hii! Ndugu mmoja kabisa, ila ile inakuja na bakuli la mchuzi wa kuchovea.

Siku nyingine mwende Geylang Serai, mshuke Paya Lebar mtembee kidogo. Soko la Wamalay, chakula ghorofa ya juu, pale halali ndo kawaida na atakayekuwa anatafutatafuta ni nyie. Nasi lemak ni wali wa nazi, tena umetiwa majani ya rampe ya kutia harufu, ule ule wa kwetu, pembeni dagaa wa kukaanga na karanga, tango, yai na sambal ambayo ni pilipili imekaangwa mpaka imekuwa tamu. Siku ya kwanza nilipokula niliwakumbuka nyumbani mpaka machozi yalinilenga. Na yule mama muuzaji aliniuliza "apa khabar", nikamjibu nzuri kwa Kiswahili bila kufikiri, tukacheka sana wote wawili kwa sababu khabar na habari ni neno moja la Kiarabu, kisha nikagundua wana selamat, wana rezeki, wana dunia. Tokea siku hiyo ananiongezea dagaa.

Serahangi Mstaafu

Bibie amemaliza upande wa halali, mimi niongeze ya mfukoni. Nimepita bandari ile mara nyingi sana nikiwa melini, mimi wa Mombasa.

Dola ya kule hesabu kama elfu mbili hivi ya Tanzania. Sahani ya wali kuku au nasi lemak dola 4 mpaka 6, biriani ya nyama dola 7, 8, prata tupu (chapati zao hizo) dola moja na ushee, kahawa dola moja na nusu. Kwa hiyo mtu akila mchana na usiku hawker centre kwa dola 15 ameshiba na amekunywa. Mgahawani ukiona bei ina alama mbili za kujumlisha mbele yake jua bado wanakuja kuongeza asilimia 10 ya huduma na kodi ya asilimia 9 juu yake, kwenye vibanda bei uliyoiona ndiyo unayolipa na hakuna mambo ya bakshishi. Beba pesa taslimu, noti ndogo ndogo, kwa sababu wenyeji wanalipa kwa simu na kadi ya benki ya kigeni vibanda vingi haviichukui.

Ukikuta meza haina mtu ila ina pakiti ya tishu juu yake, ina mwenyewe. Usikae. Wanaita kuchope, mtu ameweka tishu ameenda kupanga foleni na hakuna atakayeigusa. Nanyi mfanye hivyo hivyo, au mmoja abaki mezani. Trei unarudisha mwenyewe, tangu Septemba 2021 ni sheria, mara ya kwanza onyo la maandishi, ukirudia faini dola 300. Na mkifungasha chakula msile ndani ya treni, faini yake inafika dola 500, hata maji msinywe.

Foleni ndiyo menyu yenu. Ukiona wazee wa pale wamejipanga mchana wa jua kali, jipange nyuma yao hata kama hujui kinauzwa nini. Kibanda kimoja kinapika kitu kimoja au viwili tu maisha yake yote, kuna watu wanachemsha kuku yule yule tangu ujana wao mpaka sasa mtoto ndiye anakatakata, mkono umeshazoea huwezi kulinganisha na mgahawa wenye kurasa kumi za menyu.

Tahadhari yangu moja, samaki na kaa wa kupimwa. Mahali fulani, sipataji, niliagiza kaa bila kuuliza, bei ilikuwa imeandikwa kwa kila gramu mia, mimi nikadhani ni ya sahani nzima. Nililipa hela ya kula siku nne na iliniuma kwa sababu nilikuwa nimeitenga ya zawadi ya watoto. Muulize muuzaji kaa huyu mzima mzima ni kiasi gani, apime kwanza, ndipo akaange.

Mdau wa Msimbazi

Hapo kwenye kibanda kimoja kitu kimoja umenigusa mkuu. Watu wengi hawajui kwamba hawker centre zilianza na machinga wa barabarani. Serikali yao iliwaandikisha mwaka 1968 na 1969, halafu kuanzia 1971 mpaka 1986 ikawajengea hizo hawker centre zenye maji, mifereji na umeme ikawahamishia humo, na zilijengwa pale pale watu wanapoishi na kupita, si porini. Hilo ndo la kujifunza, mimi nafanya biashara Kariakoo najua maana ya kuhamishwa mahali mteja hafiki. Leo ziko zaidi ya 110 na mwaka 2020 UNESCO wameuingiza utamaduni huo kwenye orodha yao ya urithi. Mkiwa mnakula angalieni na hilo.

Maxwell, pale Chinatown, hapajatajwa. Wali kuku wa Kichina pale ni balaa, kuku kachemshwa laini, wali umepikwa kwa supu yake na tangawizi. Lakini huo wa Kichina siyo halali, huyo ndugu yenu asidanganyike kwa kuwa ni kuku, aulizie nasi ayam, wali kuku wa Kimalay, kwa Wamalay.

Kipanga wa Getini

Nashukuru sana wote. Mafunzo yanaisha saa kumi na moja jioni, je, usiku tunakuta wazi? Na ile Lau Pa Sat ninayoiona kwenye picha vipi?

Binti Funguni

Vile vibanda vyenye jina vinauza mchana, saa nane wengine washamaliza wamefunga, kwa hiyo hivyo mviweke siku ya mapumziko, na vingi vinapumzika Jumatatu. Lau Pa Sat nendeni usiku, ni jengo la zamani la chuma la tangu karne ya 19 katikati ya mabenki, ikifika saa moja barabara ya pembeni inafungwa magari, wanapanga meza wanachoma satay, mishkaki midogo ya kuchovya kwenye rojo la karanga. Bei imepanda kidogo kwa ajili ya watalii lakini moshi ule na maghorofa marefu juu yenu ni kitu cha kukiona. Aangalie kibandiko kabla hajaagiza maana si wote.

Kipanga wa Getini

MREJESHO. Wakuu niko Singapore siku ya tano. Jana tulienda Tekka, nikaweka pakiti ya tishu mezani, tukatawanyika. Mimi nilirudi na tambi za samaki, mwenzangu mwingine prata tatu na mchuzi, na jamaa yetu alikuja wa mwisho kabeba trei kwa mikono miwili, biriani ya mbuzi imefunika sahani, achari pembeni, na gilasi ya chai ya maziwa yenye povu, inaitwa teh tarik, amesema alisimama pale akimtazama yule bwana anaimimina kutoka juu mkono umenyooka mpaka chini bila tone kudondoka. Alikula akanyamaza kimya, halafu akasema ngoja nikaongeze murtabak. Kula kwetu kote tulitumia saa moja na nusu tukikaa tu tunapiga stori. Trei yake kaipeleka upande wake, sisi upande wetu.

Leo jioni yeye ndiye anatuongoza, anasema ni Geylang Serai na hataki kusikia kingine. Binti Funguni, yule mama wa dagaa alikuwa kibanda cha upande gani ukipanda ngazi?