Tupeane uzoefu: mkopo ulitoka mbio, kulipa ndio kukawa vita

Wadau niaje. Niko Umoja, leo asubuhi nimeamkia meseji ya sacco eti dipoziti zangu 84,000 zimeshikwa juu jamaa niliyemdhamini 2023 amehama, simu mteja, na mkewe anasema hajui. Yule jamaa alipata mkopo siku mbili tu na sisi tukawa tunasifu sacco yetu iko chapchap. Nyinyi yaliwapata aje, hasa hizi benki ndogo na sacco za mtaani? Mwageni.

Aliyekuwa afisa wa mikopo, Kayole
Nilifanya kazi kwa benki ndogo ya mikopo, jina sisemi. Zamani lazima ungefika kwa duka ya mteja, uhesabu stoki, usimame pale nje kama nusu saa uone wangapi wananunua, halafu uulize mama mboga wa kando, huyo ndio CRB (wale wa kuweka rekodi za madeni) ya ukweli. Akaja meneja mpya akasema fea zetu zinakula benki, tulikuwa maofisa tisa tukabaki wanne, wateja sasa wanatuma picha kwa simu. Mwaka wa kwanza gharama zikashuka, makao makuu wakatuletea keki (walai keki). Mwaka wa pili natafuta difolta nakuta faili tatu za watu tofauti zina picha ya duka moja, kalenda ile ile ukutani, na paka yule yule amelalia gunia ya unga.

Mhasibu, South B
Hiyo keki imenichekesha lakini ndio mambo yenyewe. 1997 Berger na DeYoung walichambua benki za Marekani wakiuliza benki yenye mikopo mibaya imekosa bahati, ina wasimamizi wabovu, ama ilijibana pesa ya kukagua wateja. Hii ya mwisho ndio hatari juu kwa vitabu inakaa ikifanya kazi poa kuliko wenzake, mpaka mikopo ianze kuoza. Na ikioza inameza faida, sacco inayochukua dipoziti mkopo ukipitisha siku 360 bila kulipwa inatakiwa itenge kando pesa sawa na 100% ya deni lililobaki, kwa hivyo ukiona dividendi imekonda uliza kwanza kitabu cha mikopo.

Muuza mitumba, Gikomba
Msiweke kila difolta kwa kapu moja. Juni 2018 soko ikiungua mimi nilikuwa na beli nne ndani, mbili za mkopo, sikubaki na hata hanga. Afisa wangu akakuja siku ya tatu na gambuti, bado kunatoa moshi, akanikuta nimekaa juu ya bati, hakuniuliza pesa, aliuliza tu beli moja ya watoto inaendaje siku hizi. Nikapangiwa 1,500 kwa wiki na nikamaliza. Angekuwa ananijua kwa picha ya simu ningezima laini, sitawadanganya.

Githurai
Mimi sidhamini mtu tena, hata wa tumbo moja.

Mwenye uzi
Nimetoka kwa ofisi yao saa hii. Nimeng'ang'ana mpaka wakanionyesha faili. Fomu ya kutembelea biashara iko, tarehe iko, muhuri uko, lakini pale pa kuandika afisa aliona nini pako peupe kabisa. Nikamuuliza dada wa kaunta hii ni nini, akasema "hiyo huwa tunajazanga baadaye". Baadaye gani na ni miaka mitatu? Sahihi yangu ya udhamini lakini hiyo wameichunga vizuri, imewekwa kwa plastiki. Kuna mtu amewahi kupeleka mambo kama haya kwa tribunali ya ushirika? Ilichukua muda gani, na ulihitaji wakili ama ulijisimamia?